Chatu Ashika Dirisha

Zamani, wanyama walipokuwa bado na ofisi, Nyani, Ngiri na Pimbi walihudumia dirisha la maulizo. Ikifika saa saba wote watatu waliona njaa, na kila mmoja alitaka mwenzake ndiye abaki. Waligombana mpaka chakula kikapoa.

Ndipo Chatu akaja kuomba kazi.

"Mimi hula mara moja tu kwa mwezi," alisema.

Akaajiriwa papo hapo. Kwa wiki tatu wenzake walikula pamoja kwa raha, wakajiongezea na usingizi, naye Chatu akawajibu wateja kwa upole.

Wiki ya nne walirudi wakakuta foleni imekwisha. Chatu alikuwa amejilaza mezani, tumbo limetuna.

"Wateja wako wapi?" Nyani akauliza.

"Leo ilikuwa siku yangu ya kula."

Sauti ya Bi Kanga ikatoka tumboni: "Samahani, malalamiko yanapokelewa dirisha gani?"

"Hili hili, mama," Ngiri akajibu, "ila utoke kwanza."

Wakamtikisa Chatu mpaka akatapika wateja saba, kila mmoja na namba yake ya foleni mkononi. Tangu siku hiyo wao hula kwa zamu, na anayeomba kazi haulizwi tena hula mara ngapi. Huulizwa hula nani.