Kitufe cha Kumi na Saba

Marietha alibonyeza kitufe cha kumi na saba kwa mara ya sita, na kwa mara ya sita ukafunguka mlango wa thelathini.

"Wa mwisho tena, dada!" Sauti ya Mbwana, mlinzi wa ghala, ilipenya kwa shida kwenye mlango mnene uliokuwa kati yao. "Jaribu kingine basi!"

"Vyote ni hivyo hivyo, Mbwana. Vyote!"

Alikuwa ameketi juu ya kreti la samaki, kompyuta mapajani, waya wa mtandao umechomekwa ukutani. Kwenye skrini, vitufe thelathini vilijipanga vikifanana kama mapacha, kila kimoja na namba yake. Kila kimoja kilipaswa kufungua chumba kimoja cha ghala hili la Kawe. Chumba cha kumi na saba kilikuwa cha kugandishia kamba wa baharini, nyuzi joto ishirini chini ya sifuri. Vitasa vya mkono, vya nje na vya ndani, tajiri mwenye ghala alishaving'oa baada ya kuibiwa. Fundi wa kukata chuma alikuwa njiani kutoka Manzese, amenasa kwenye foleni.

"Ningejua nisingekubali tuufunge mlango huu," Mbwana alisema. Alikuwa analia waziwazi.

"Ni mie niliyesema tuujaribu. Usilie. Ongea na mie."

"Na wewe usinyamaze, dada. Nakuomba."

Programu ya kwanza ya milango hii aliiandika Faraji, mwenzake kazini: vitufe thelathini, kila kitufe na maelekezo yake, kurasa na kurasa za maneno yale yale. Marietha alimcheka mbele za watu. Akafuta yote, akaandika mistari sita: programu ihesabu moja hadi thelathini, na kwa kila hesabu itengeneze kitufe. Uvivu ule akauita ustadi. Akajaribu kitufe cha mwisho tu, kikakubali, akajipongeza.

Sasa aliisoma tena mistari yake sita, akaliona kosa. Vitufe viliandikwa namba usoni tu; ndani havikupewa namba za kushika. Vyote vilikuwa vinaitazama hesabu moja, na hesabu yenyewe ilishafika thelathini, ikasimama hapo.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu. Vidole vilimgomea hadi akakosea herufi mara tatu. Betri ilisoma asilimia nne, na nusu saa iliyopita ilikuwa imejaa. Mungu wangu, aliwaza, mtu anakufa leo kwa majivuno yangu. Akaifuta skrini kwa mkono wa gauni, akaandika tena, herufi moja moja.

"Mbwana?"

Akapaza sauti.

"Mbwana!"

"Nipo, dada. Nilikuwa naomba dua."

Akahifadhi. Akaiwasha programu upya. Betri ikashuka hadi mbili. Vitufe vikajitokeza kimoja baada ya kingine, taratibu kupita kiasi, na alipokiona cha kumi na saba hakusubiri vilivyobaki. Akakibonyeza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Kufuli likalia. Mlango ukafunguka, joto la saa nane mchana likamvamia Marietha usoni, na Mbwana akaingia mbio kwenye baridi ile kumbeba.