Jicho la Bi Mwanahawa

Nesi alichora alama nyekundu kwenye kadi ya kliniki. "Kipimo cha ile pamba tuliyokupitishia ukeni kimeonyesha vijidudu," alisema. "Wewe havikufanyi kitu, ila mtoto anaweza kuvipata akizaliwa. Uchungu ukianza tu, njoo tukutundikie dripu ya dawa."

"Huenda vilikuwepo hata mimba ya kwanza?" Hidaya aliuliza.

"Huenda, mama."

Mtoto wa kwanza alikufa kwa homa siku ya tatu, hata jina hajapewa. Siku ile Hidaya alisimama uani akapiga kelele kwamba ni jicho la Bi Mwanahawa, jirani aliyempakata mtoto na kumsifia uzuri. Mtaa mzima ukamwamini.

Sasa alirudi na kadi mkononi. Bi Mwanahawa alikuwa barazani akipepeta mchele. Alipoona tumbo linakuja, alifanya kama afanyavyo kila mjamzito anapopita: aliweka ungo chini, akageukia ukuta.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," Hidaya alisema, mara ya kwanza kwa miaka minne. "Nitazame."

Bibi alijifunika macho kwa viganja vyenye vumbi la mchele.

"Pita, mwanangu," alisema. "Pita upesi, nisije nikamwona."