Kabureta Namba Mbili

Kauko Hyttinen alimwaga ndoo nzima ya maji ya samaki wa chumvi kwenye kiti cha gari lake, kisha akayasugua kwa brashi mpaka yakaingia vizuri kwenye sponji. Alipomaliza akachukua rangi ya kijani iliyobaki walipopaka choo cha nje, akaipaka boneti kwa ufagio.

Hakuwa amerukwa na akili. Saa nne asubuhi hiyo kulikuwa na mbio za magari makuukuu kwenye uwanja wa changarawe nje ya mji wa Iisalmi, na sheria ya mbio hizo hata watoto waliijua: mashindano yakiisha, kila gari linauzwa kwa bei moja iliyopangwa. Anayelitaka anaandika jina lake na kulitia kwenye bahasha, bahasha zinachanganywa, inachomolewa moja. Dereva akikataa kuuza ananyang'anywa leseni, hana pa kukata rufaa.

Ndiyo maana hakuna mwenye busara anayetia roho yake kwenye gari la mbio hizo. Kauko alikuwa ameitia yote, na ilikuwa imekaa juu ya injini, ndani ya kabureta.

Miaka tisa mfululizo alikuwa amemaliza nyuma ya shemeji yake Oiva, na kila Jumamosi Oiva alikuja kuoga kwenye sauna yao, kibanda cha kuogea mvuke, na kumkumbusha.

"Shemeji, hebu niambie ukweli," alikuwa akisema, jasho likimtiririka. "Pale kwenye kona ulikuwa unaendesha, au ulikuwa umepaki?"

Kwa hiyo majira yote ya baridi Kauko alijifungia gereji na kabureta tatu. Namba moja ilikuja na Corolla yake. Namba mbili aliitoa kwenye Datsun iliyokufa, akaipanua koo, lile tundu la kupitishia hewa, kwa tupa kwa siku kumi na moja. Namba tatu alipewa na jirani, akaitoboa upya vitundu vya petroli. Alizifunga moja baada ya nyingine, akazijaribu kilimani, kutoka sanduku la barua hadi mlango wa sauna.

Mpima muda alikuwa mama mkwe wake, Mama Impi, mwenye miaka sabini na minne. Aliketi kwenye ngazi za sauna akifuma soksi, shingoni amening'iniza saa ya kupimia mbio ya marehemu mumewe. Akiona gari linafika, alibonyeza.

"Namba moja, thelathini na moja. Namba tatu, ishirini na tisa."

"Na namba mbili, mama?"

"Thelathini na nane."

"Haiwezekani! Namba mbili ilinibandika mgongo kwenye kiti!"

"Mgongo wako una miaka hamsini na sita, mkwe, utajibandika popote." Hakuinua hata macho kwenye soksi. "Saa ndiyo hii. Hiyo kabureta inakohoa tu. Ilete hapa, naelekea jalalani."

Kauko alimkabidhi huku roho ikimuuma. Siku kumi na moja za tupa! Lakini angebishana vipi na saa? Akaifunga namba tatu.

Asubuhi ya mbio Mama Impi alisema kichwa kinamgonga, abaki kitandani, wasimsumbue hata kwa kahawa.

Uwanjani, watu walilisogelea gari la kijani kwa udadisi na kuliacha kwa haraka.

"Shemeji, umebeba maiti?" Oiva aliuliza, mkono puani.

"Utanijua leo," Kauko alisema.

Na kweli alimjua. Katika fainali Kauko alimpita shemeji yake kwenye kona ileile ya dhihaka, akapiga kelele za furaha peke yake ndani ya ule uvundo. Miaka tisa imekwisha! Alikuwa bado anapiga kelele wakati Datsun moja ya njano, namba sabini na nne, ilipompita kama amesimama, ikamrushia changarawe kiooni, na kumaliza ya kwanza.

Oiva alifika wa tatu. Wakasimama wawili hao kando ya uwanja, vumbi tupu.

"Nani yule?"

"Amejiandikisha dakika ya mwisho, hata jina sikusikia," Oiva alisema. "Shemeji, leo tumetiwa adabu wote."

Kumshinda Oiva kukapoteza ladha papo hapo. Kauko hakutaka tena kitu kingine duniani ila kujua kilichokuwa chini ya boneti ile ya njano. Akaandika jina lake, akatia kwenye bahasha. Oiva naye akaandika. Wakaandika watu kumi na saba.

Gari la Kauko halikupata bahasha hata moja. Mkaguzi aliyetumwa kulitazama alirudi macho yakimtoka machozi.

Ikaja zamu ya Datsun. Msimamizi akatia mkono ndani ya ndoo ya bahasha, akakoroga, akachomoa.

"Hyttinen, Kauko!"

Kauko alikimbia kama kijana. Dereva alikuwa ameegemea mlango, bado amevaa kofia ya mbio. Kauko hakungoja salamu. Akainua boneti, akainama, akapeleka mkono.

Pembeni mwa koo la kabureta kulikuwa na mchubuko wa tupa. Aliukumbuka vizuri. Tupa ilikuwa imemponyoka mwezi wa pili, siku ya tisa, naye alitukana mpaka mama mkwe akagonga ukuta.

"Vidole, mkwe," alisema Mama Impi, akiivua kofia na kutafuta miwani yake mfukoni. "Bado ya moto hiyo."