Droo ya Mwenyekiti

"Shemeji, leo hunikimbii," Kigwa alisema, akaitandaza mezani fomu ya kuomba bunduki. "Gonga muhuri."

Shomvi, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa akimkwepa tangu mwezi uliopita. Mke wa Kigwa alikuwa dada yake, na alama za kipigo cha juzi zilikuwa bado usoni mwake. Kumkatalia Kigwa kulikuwa kumtafutia dada kipigo kingine.

"Muhuri wa silaha wameuchukua asubuhi," Shomvi alijibu. "Sheria mpya ya bunge. Vibali vyote sasa ni wizarani, sisi wa mitaa hatuna sauti."

"Acha utani!" Kigwa aliivuta droo mwenyewe. Alikuta kidau cha wino na kipande cha muhogo.

"Sasa wewe mwenyekiti wa nini?"

"Wa kuamua ugomvi wa kuku," Shomvi alisema, wala hakuona aibu.

Kigwa aliondoka akibamiza mlango. Uani, dada yake Shomvi alitoka nyuma ya kanga zilizoanikwa, alikokuwa amejibanza akisikiliza. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akanyoosha miguu, akaanza kucheka bila sauti.