Upande Huu wa Lango

Modest alifika hatua moja kabla ya lango, na miguu yake ikagoma.

Lango lenyewe halikuwa hata na mlango. Nguzo mbili nyekundu na boriti mbili juu yake, basi. Ng'ambo yake njia ya kokoto iliteremka hadi ufukweni, kwenye hekalu dogo la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani. Mbele ya hekalu, ndani ya maji, yalisimama majabali mawili, kubwa na dogo, yamefungwa pamoja kwa kamba nene ya majani ya mpunga kama ng'ombe na ndama wake.

"Nenda tu," alisema Mwalimu Tanabe. "Pale kwenye birika la mawe unawe mikono, usukutue. Mbele unainama mara mbili, unapiga makofi mara mbili. Mimi nitakungoja hapa. Magoti."

Kiswahili chake hakikuwa kimepata kutu. Alijifunzia Karatu, miaka ile alipofundisha hesabu sekondari, na Modest alikuwa mwanafunzi wake. Magoti yalikuwa habari mpya. Jana yake tu mzee alikuwa amepandisha sanduku la mgeni wake ngazi nzima bila kupumzika.

"Na saa tisa tutamwona Mama?" Modest aliuliza.

"Saa tisa. Wanatungoja."

Mama ni Kiyomi, mke wa mwalimu. Ndiye aliyemshonea Modest shati la kwanza la shule lisilo na kiraka. Ndiye aliyemsimulia habari za bahari, na kijana wa Karatu akataka kujua kama inalishinda ziwa Eyasi. Mwezi uliopita alimwandikia kutoka hospitali, herufi zikitetemeka: njoo uione mwenyewe, lakini usichelewe.

Sasa alikuwa anaiona. Ililishinda Eyasi mbali sana, naye hakujiona na haki ya kuifurahia.

Jumatatu, akiwa kwenye foleni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, dada yake Laurencia alipiga simu. "Kaka, mama ametutoka. Geuza." Mama yao, Bernadina, siku mbili tu kabla alikuwa amemfungia kahawa ya shambani kwao, kaikaanga kwa mkono wake. "Mpelekee mwenzangu," alisema. Pale kwenye foleni Modest alijiambia kwamba aliyekufa anaweza kungoja, mgonjwa hawezi. Alijiambia mara tatu, kisha akazima simu akapanda ndege. Jana Laurencia alimtumia picha ya kaburi, bila neno hata moja.

Kwa Wairaqw, aliyefiwa hukaa kando. Haingii kwa watu wala hachoti kwenye kisima chao mpaka siku zake ziishe, asije akawapelekea kifo. Padri alishahubiri kwamba hayo ni mambo ya kale, ila padri hakulelewa na Bernadina. Baba alipofariki, Bernadina alimzuia Modest nyumbani wiki kadhaa. Mwalimu Tanabe alipokuja kumtafuta, alimsimamisha nje ya ua wa minyaa. Mwalimu mwingine angefoka. Huyu aliinamisha kichwa, akauliza zimebaki wiki ngapi, na kesho yake akarudi na ubao. Alifundisha aljebra akiwa nje ya minyaa, Modest akiandika akiwa ndani.

Na nyumbani kwa mtu huyohuyo ndiko Modest alikoingia jana. Alikula wali wake na maboga, akanywa chai yake, huku msiba kaufungia mfukoni pamoja na ile kahawa. Juu ukutani palikuwa na kijirafu cha miungu ya nyumbani, kimefunikwa karatasi nyeupe. Modest alipita chini yake ameinamisha macho. Alijiona kama ni yeye ambaye miungu ile imefichwa asiione.

Nyumba ya mtu ilitosha. Mahali patakatifu pa watu, hapana.

"Mwalimu, siwezi kupita."

"Unamwogopa padri wenu?"

"Mama amefariki. Jumatatu. Jana wamemzika, mimi niko kwako nakula maboga."

Mwalimu Tanabe alivua miwani. Upepo wa bahari ulilipeperusha koti lake jeusi, naye hakulishika.

"Bernadina," alisema.

"Laurencia aliniambia nigeuze, nikakataa. Nilisema yeye ameshaondoka, bora nimuwahi Mama Kiyomi angali hai. Nimemwacha mama yangu akazikwa na majirani, Mwalimu. Halafu nimekuja kukuchafulia nyumba, na ningekunyamazia mpaka siku ya kurudi kama si lango hili. Naona aibu hata kukutazama."

Alitoa kile kifurushi cha kahawa mfukoni, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Hii ni ya mama. Mpelekee Mama Kiyomi wewe. Kama hutaki nimkaribie mgonjwa na msiba wangu, nitaelewa."

Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, akainama nacho, akakaa ameinama hivyo muda mrefu. Alipoinuka hakulitazama hekalu. Alitazama chini, kwenye viatu vyao, jozi mbili, zote upande huu wa lango.

"Jumanne ulikuwa bado angani," alisema. "Ulipofika, sikupata pa kuanzia. Magoti yangu ni mazima, Modest; hata kwetu aliyefiwa hapiti lango hili. Na saa tisa hatuendi hospitali."