Wote Namba Moja

Utasema natia chumvi, na ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo. Lakini asubuhi moja, kwenye karakana ya kushona sare, watu saba waliamka wote wakiwa namba moja.

Wa kwanza kuingia ofisini alikuwa mpiga pasi, simu mkononi, meno yote nje.

"Dada Kompyuta, umeona? Mimi namba moja."

Nyuma yake akaingia dereva. "Wewe namba moja wapi? Namba moja ni mimi, soma hapa."

Mpokea wageni akachungulia dirishani. "Mnaota nyie. Mimi ndo wa kwanza, na mama nimeshampigia."

Dada Kompyuta akajua kilichotokea. Orodha aliyoihamisha jana usiku bila kuisoma ilikuwa imeharibika tena.

Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Mzee, mwenye karakana, huandika matangazo kwenye simu kwa alama alizofundishwa na binti yake. Yeye Dada Kompyuta huyahamishia kwenye wiki, ule ukurasa ambao wafanyakazi wote wanausoma kwenye simu zao. Siku ya kwanza alipowaambia tangazo liko kwenye wiki, mpiga pasi aliuliza, "Wiki hii au ijayo?"

Sasa alama za Mzee na alama za wiki ni kama mawifi: ukoo mmoja, maelewano hakuna. Alama ya reli, hii #, kwa Mzee ni kichwa cha habari. Kwenye wiki inageuka namba. Nyota mbili kwa Mzee zinanenepesha neno. Kwenye wiki zinalisukuma chini ya neno la juu yake. Juzi Mzee alikinenepesha cheo chake, kikatokea chini ya mpiga pasi, na mpiga pasi akashinda kutwa anamwita "msaidizi wangu". Ukiacha mstari mtupu katikati ya orodha ndo balaa, hesabu inaanza upya: moja, moja, moja.

Na wiki haifuti kitu. Ukiandika, simu zote zinalia. Ukifuta, lile la zamani linabaki, yeyote analifungua.

Ukurasa wa leo haukuwa wa mchezo. Uliitwa "Wanaohamia jengo jipya". Kila mtu alijua seremala amepeleka meza sita huko, na wao walikuwa saba; wa mwisho ajue hana meza, wala kazi. Tena jana seremala huyo alikuja kupima upana wa kompyuta ya Dada Kompyuta, akaandika kwenye kiganja, akaondoka bila neno. Kompyuta ikipimwa hivyo, ujue inatafutiwa mnunuzi.

Akalifungua faili la Mzee kwenye programu yake, ile inayoonyesha maandishi yakiwa yameshapangwa vizuri. Moja, fundi mkuu. Mbili, mkata vitambaa. Tatu, mshona vifungo. Nne, mpiga pasi. Tano, dereva. Sita, mpokea wageni.

Saba, yeye.

Mzee yuko kwa daktari wa meno mpaka mchana. Angeiacha orodha ilivyo, labda angehama na wenzake kimyakimya, mambo yakajulikane mbele ya safari. Vidole vilimuwasha. Lakini ameajiriwa kunyoosha orodha, na orodha imepinda. Akaandika namba kwa mkono, moja mpaka saba, akabonyeza.

Simu zikalia jengo zima. Cherehani zikanyamaza.

Mpokea wageni akarudi dirishani, uso wa msiba. "Pole, shoga yangu." Akachungulia chini ya meza. "Hicho kiti chako cha magurudumu, unakiacha, sio?"

Hapo ndipo alipopandwa na hasira. Miaka mitatu kavumilia. Akaona, potelea mbali, anayeondoka haogopi kununiwa. Akafungua ukurasa mpya, akauita "Kwaheri ya Kweli", akaanza kutiririka.

Fundi mkuu, ile sketi uliyonishonea mfuko umekaa nyuma kama mkia. Mkata vitambaa, kikombe changu kiko kwako tangu mwaka jana, na unajua kuwa najua. Mshona vifungo, umbea wako umeshonwa imara kuliko vifungo vyako. Mpiga pasi, usiimbe. Dereva, "nipo njiani" yako nasikia maji ya bafuni. Mpokea wageni, ile nywele uliyoniuliza kama imekupendeza, nilikudanganya.

Akamalizia na Mzee mwenyewe: wewe na nyota zako mmenitoa mvi nikiwa na miaka ishirini na sita.

Akabonyeza. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, orodha ikatoka safi yenyewe, bila kunyooshwa. Namba zimefuatana kama shanga, hakuna mstari uliokimbia, hakuna nyota iliyopotea. Karibu amwage chozi. Akaanza kuchomoa nyaya.

Simu ikatetemeka. Mzee.

"Binti, mdomo una ganzi, ndiyo maana naandika. Nani kakutuma uwahesabu watu? Mimi niliandika 1 kwa kila mmoja, saba zote, makusudi, asiwepo wa mwisho. Hiyo kompyuta yako ndiyo ina kiherehere cha kuhesabu. Wote mnahama. Meza yako ni kubwa, haikupita mlangoni, seremala anaiunganishia huko huko ndani ya jengo jipya. Sasa ngoja nifungue na huu ukurasa wako mwingine, naona nami nimo, namba saba."

Huko kwenye korido, jozi sita za viatu zilikuwa zinakuja, bila haraka. Ofisi ina mlango mmoja na dirisha moja. Ungekuwa wewe, ungetokea wapi?