Shahidi wa Utoto wa Kobe

Kiangazi kilipobakiza bwawa moja, wanyama walishika desturi yao: aliyewazidi wote umri hunywa kwanza, kabla maji hayajageuka matope. Kobe akajitokeza, akadai kwamba hakuna aliyemtangulia kuzaliwa.

Nungunungu, mwamuzi asiyepokea neno bila ushahidi, akamzuia ukingoni. "Nani anathibitisha?"

"Wajukuu zangu hawa."

"Nanyi mlijuaje?" Nungunungu akawauliza.

"Babu alituambia."

"Basi shahidi ni mmoja tu, naye ndiye mdai."

Fisi akanung'unika, "Mheshimiwa, si umtazame shingo ilivyokunjamana? Mwache anywe, nasi tupate."

"Makunyanzi hayasemi mwaka wa kuzaliwa. Hata mimi koo limenikauka, lakini sitaamua kwa kukisia. Mzee Kobe, nipe aliyekufahamu utotoni."

Kobe akaona ameshinda. "Mwulize Bi Tembo, yule pale nyuma. Alinivusha mto nikiwa mdogo kama kokwa la embe."

Bi Tembo, ambaye hakuwa amedai chochote, akapunga masikio. "Ni kweli. Nilikubeba kichwani, mwanangu, nawe ukanikojolea."

Wanyama wakacheka. Nungunungu hakucheka. "Ushahidi umepokewa. Aliyekubeba ukiwa mchanga amekuzidi umri. Yupo anayedai kumzidi Bi Tembo?"

Wanyama wakatikisa vichwa.

"Nafuta maneno yangu," akasema Kobe.

"Umechelewa. Shahidi wako ameyathibitisha."

Nungunungu akapisha njia. Kobe akabaki ukingoni, akisikiliza maji yakipanda mkongani.